Rupia kwa Shilingi Mbili

Nilipojua kusoma tarakimu, mtu wa kwanza kunitumia alikuwa bibi yangu. Ilikuwa mwaka 1961, nina miaka minane, pale Kitaya ukingoni mwa Ruvuma. Msimu wa korosho pesa zilikuwa zinapita mikononi mwa watu, na bibi akirudi dukani alikaa barazani, akafungua kibindo, akamwaga chenji mkekani.

"Haya, mke mwenzangu, nisomee."

Nasoma: elfu moja mia tisa arobaini na nne. Hiyo anaivuta kulia. Elfu moja mia tisa arobaini na tisa. Hiyo anaisukuma kushoto. Za kushoto zilirudi dukani kesho yake kununua sabuni na mafuta ya taa. Za kulia hazikurudi. Zile zenye mfalme mwenye ndevu hazikuhitaji macho yangu, alizijua kwa kupitisha kidole gumba usoni pa sarafu.

Upande wa pili shilingi zote zilikuwa na simba yuleyule, amesimama, na milima nyuma yake. Kwa muuza duka zilikuwa sawa: shilingi ni shilingi. Hapo ndipo bibi alipopata nafasi yake. Kila aliyekuwa na korosho, kuku au debe la mpunga wa bondeni aliweza kupewa fedha halisi, ile ya sonara, kwa thamani iliyoandikwa juu yake, bila kuongeza hata senti.

Siri hiyo alipewa na sonara mmoja wa Mikindani, na sonara yule hakukosea. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, chini ya Bodi ya Sarafu iliyoundwa 1919. Ilikuwa na uzito wa karibu gramu 7.8, na robo yake ilikuwa fedha. Mfalme mwenye ndevu ni George wa Tano, na shilingi zake ni za 1921 hadi 1925. Mwanawe, George wa Sita, hakuwa na ndevu, ndiyo maana nikahitajika mimi. Zake za mpaka 1946 zina fedha. Za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu. Wakati wa vita kuu ya pili Uingereza ilikopa fedha nyingi kutoka Marekani kwa sharti la kuirudisha kwa uzito uleule, basi vita vilipokwisha ikaiondoa katika sarafu zake, na katika zetu pia. Hakuna aliyekuja Kitaya kulitangaza hilo. Simba alibaki amesimama vilevile.

Ila sonara alimwambia na jambo la pili: robo ya fedha haifanyi pambo zuri. Ukiyeyusha shilingi unapata shaba yenye haya. "Bi mkubwa, niletee rupia."

Rupia! Wakati huo ilikuwa imeacha kuwa pesa kwa miaka arobaini, lakini wazee wengi walikuwa nayo moja au mbili, imefungwa kwenye kitambaa chini ya sanduku. Ile ya Mjerumani ina sura ya Kaisari Wilhelm, masharubu yamesimama, kichwani kofia ya chuma yenye tai. Uzito wake ni gramu 11.66, na katika kila sehemu mia karibu 92 ni fedha. Bibi aliidondosha juu ya jiwe la kusagia kabla ya kuipokea. Fedha inalia, sauti yake ni nyembamba na inakaa hewani. Mlio ule ninao mpaka leo. Ukiidondosha ya uongo, inapiga "ta" na kunyamaza.

Alizinunua kwa shilingi mbili mbili. Bei hiyo hakuipanga yeye wala jirani aliyemuuzia. Baada ya vita vya kwanza bei ya fedha duniani ilipanda sana, rupia nayo ikapanda pamoja nayo, hadi mwaka 1920 serikali ikaipigilia msumari kwenye shilingi 2 za Kiingereza. Mwaka uliofuata shilingi yetu ikaingia, rupia ikaondoka, lakini kile kima kikabaki vichwani mwa watu. Mzee wa Kitaya wa mwaka 1961 ukimuuliza rupia ni kiasi gani atakujibu shilingi mbili, kama mtu anayekutajia jina la baba yake.

Kwa namna hiyo bibi alikusanya rupia saba. Alimpelekea sonara, akazitia vipete juu, zikawa mkufu.

Nisije nikamfanya msomaji adhani rupia ilikuja kwetu kama zawadi. Wajerumani walijenga boma lao Mikindani mwaka 1895, na kuanzia 1898 kila nyumba ya kijijini ilidaiwa kodi ya rupia 3 kwa mwaka. Asiye na rupia aliitafuta: kwa kugema mpira porini, kwa kubeba mizigo, kwa kufanya kazi shambani kwa mzungu. Bibi alizaliwa katika kodi hiyo. Alipokuwa akiinunua rupia ya Kaisari kwa hiari yake, kwa hela yake, akaivaa shingoni, nadhani alijua alichokuwa akifanya, ingawa hakuwahi kunieleza.

Nimesema hela. Neno hilo nalo ni la Wajerumani: mwaka 1904 waliigawa rupia kuwa heller 100, na sisi tukalichukua jina la kile kisarafu kidogo tukalifanya jina la pesa zote. Sumuni ni ya kale zaidi, maana yake ni moja ya nane, na kilichogawanywa mara nane ni riale. Kabla ya rupia pwani hii ilihesabu kwa riale, hasa ile ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo kila ilipopigwa upya iliandikwa mwaka uleule, 1780, aliofariki. Ile ya Hispania yenye nguzo mbili wazee waliiita riale ya mzinga, kwa kuwa waliziona nguzo zile wakadhani ni mizinga. Riale ya Maria Theresa ina gramu 28, na fedha iliyomo inapita kidogo ile ya rupia mbili. Ukiweka mizani utaona kwa nini riale moja ilihesabiwa shilingi nne, na sumuni ikawa senti hamsini. Watu hawakuwa wakibahatisha. Na lugha imeweka ushahidi: fedha ni madini, fedha ni pesa, neno ni moja.

Nilipokuwa mwalimu nilisoma kwamba miaka ileile Wamarekani nao walikuwa wakifanya kazi ya bibi. Dola zao za zamani za fedha, nyingine za tangu 1878, zilikuwa bado zimelala kwenye magunia, na mtu aliingia benki na dola ya karatasi akatoka na ya fedha. Mwaka 1963 bei ya fedha ikafika dola 1.29 kwa aunsi. Kwa bei hiyo fedha iliyomo kwenye sarafu ya dola ni dola moja kamili. Watu wakapanga foleni Hazina, Washington, na Machi 1964 dirisha likafungwa. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya kwetu. Kwa bei ileile, rupia ya bibi ilikuwa na fedha ya zaidi ya shilingi 3. Yeye alilipa 2. Hakusoma gazeti hata moja.

Dirisha letu lilifungwa kimyakimya. Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikaanza kutoa shilingi yetu yenye Mwalimu upande mmoja na Mwenge upande wa pili. Niliipenda mno, bado naipenda. Lakini bibi hakuniita tena barazani kusoma miaka. Zile za zamani zikapungua dukani, mwisho zikaisha.

Mkufu ulikwenda kwa mama mdogo, aliyebaki Kitaya. Oktoba 2020 wavamizi waliotoka ng'ambo ya mto waliposhambulia kijiji, watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Mama mdogo alikimbia na wajukuu na kanga aliyovaa. Tuliporudi, pale palipokuwa na kitanda tulichekecha majivu kwa ungo wa kupepetea mpunga. Tulipata rupia tano. Vipete vilikuwa vimeachia, na sarafu zilikuwa nyeusi kama mkaa.

Ninazo hapa Mtwara. Moja nimeisugua kwa majivu na ndimu mpaka masharubu ya Kaisari yakaonekana, nne nimeziacha na weusi wake. Nilimpelekea sonara ile moja, akaiweka kwenye mizani: gramu 11.3. Zile pungufu zimekwenda na vidole vya watu. Akanitajia bei yake kwa gramu, bei ya siku hiyo, inayobadilika kesho, nami nikaelewa kuwa mtu wa korosho chache hawezi tena kuipata fedha kwa namba iliyoandikwa juu yake.

Mjukuu wangu yuko darasa la pili. Juzi nilimpa ile nyeusi kuliko zote, akaigeuza kuielekeza mwangani, akatia mate kwenye kidole akafuta. Alisoma polepole, tarakimu moja moja: moja, tisa, sifuri, sita. Nikamwambia asome na ile herufi ndogo, aliyepiga sarafu ameacha alama yake. Akaitafuta sana.

"Jei, bibi."

Hamburg, nikamwambia. Kisha tukaidondosha sakafuni, tukasikiliza.