Ujenzi wa Hazina ya Picha za Seli za Damu kwa Utambuzi wa Malaria: Mikoa ya Mbeya na Iringa

Hazina mojawapo inayotumiwa sana kuifunza kompyuta kutambua malaria ina picha 27,558 za seli, nusu zikiwa na vimelea. Slaidi zake zilitoka Chittagong, Bangladesh. Uwiano huo hauakisi hali ya Nyanda za Juu Kusini. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, joto huwastawisha mbu. Iringa malaria ni nadra. Pale ugonjwa ulipo nadra, hata kosa dogo, kama vile kudhania chembe sahani au punje ya rangi ya Giemsa kuwa kimelea, huzalisha majibu mengi ya uongo, na homa halisi hubaki bila tiba. Hivyo, hazina ya mikoa hii sharti iwe na slaidi nyingi zisizo na vimelea, zilizosomwa na wataalamu wawili wa maabara, kila mmoja peke yake. Aidha, picha za mgonjwa mmoja zisigawanywe kati ya mafunzo na majaribio.