Chakula Kinachokataliwa na Mwili

Leo twataka kuwaeleza habari ya watu ambao miili yao hukataa chakula fulani, hali jirani zao hukila chakula kile kile kila siku wala hawaoni dhara lo lote. Mmoja akinywa maziwa tumbo humjaa na kunguruma. Mwingine akila kamba midomo humfura. Wa tatu akionja karanga huwashwa mwili mzima. Watu hawa wako katika kila nchi, na yamkini wako katika kijiji chako.

Twalisema jambo hili kwa sababu kutolijua kwaweza kuleta hasara kupita ugonjwa wenyewe. Mtoto anayekisukuma kikombe cha maziwa huambiwa ana kiburi, naye hulazimishwa anywe. Mgeni anayekataa kitoweo huonekana amemdharau mwenyeji wake. Tena, mtu mmoja akifura uso baada ya kula pamoja na wenzake, upesi neno la sumu hutajwa, na aliyepika hutazamwa kwa jicho baya. Urafiki wa miaka mingi waweza kuvunjika hivyo, wala hapakuwa na mwenye hatia.

Basi jambo la kwanza ni kupambanua, maana chakula humdhuru mtu kwa njia nyingi, na leo twataka kuzitaja tatu: chakula chenyewe kimeharibika, au chakula ni kizuri lakini tumbo la mtu haliwezi kukiyeyusha, au chakula ni kizuri lakini mwili wa mtu wakipiga vita kama adui. Njia hii ya tatu ndiyo iitwayo mzio.

Tuseme watu watano wameketi katika sinia moja, wakala wali kwa samaki. Baada ya muda mfupi watatu au wanne wanaona uso unawaka moto, kichwa kinagonga, na ngozi inawasha. Hapo mshitaki samaki kwanza. Samaki kama jodari na vibua wakikaa juani vijidudu huzaa ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini, wala kupika hakukiondoi. Dawa ya jambo hili ni kuwatia samaki katika barafu mara wavuliwapo, au kuwapika siku ile ile. Lakini ikiwa wanne ni wazima na mmoja peke yake ameugua, na tena akila samaki wa namna ile siku nyingine anaugua vile vile, hata akiwa amevuliwa asubuhi hiyo, basi yafaa kuutazama mwili wake mtu huyo, wala si chungu cha mpishi.

Natuanze na tumbo lisiloweza kuyeyusha, na mfano wetu uwe maziwa. Ndani ya maziwa mna sukari yake yenyewe, iitwayo laktosi. Kikombe cha robo lita kina gramu 12 hivi. Sukari hiyo haiwezi kuingia katika damu mpaka ikatwe vipande viwili, na mkataji wake ni kitu kimoja kilichomo katika utumbo mwembamba, jina lake laktesi. Mtoto mchanga anacho tele. Lakini watu wengi wakisha kupita utoto hupungukiwa nacho. Duniani ni kama theluthi mbili za watu wazima. Sukari isiyokatwa huteremka mpaka utumbo mpana, na huko vijidudu huila na kufanya hewa. Ndipo tumbo hujaa, hunguruma, huuma, na mara nyingine mtu huhara. Huu si ugonjwa wa kuua, wala si aibu, ni maumbile.

Mtaalamu Sarah Tishkoff wa Marekani pamoja na wenzake walilichunguza jambo hili katika Tanzania, Kenya na Sudani. Waliwapima watu 470 wa makabila 43, wakatoa habari yao mwaka 2007. Waliona kwamba wengi katika makabila ya wafugaji wameendelea kuwa na mkataji huyo hata ukubwani, kwa ajili ya badiliko dogo katika asili yao ambalo huenda lilianza miaka 3,000 mpaka 7,000 iliyopita, nalo likaenea pamoja na ufugaji wa ng'ombe. Basi mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima wakiketi dawati moja, huenda mmoja akanywa nusu lita akaenda kucheza, na mwenzake akanywa hiyo hiyo akashika tumbo. Wala huyu si mvivu, wala yule si hodari.

Mtu wa namna hii hana haja ya kuyaacha maziwa kabisa. Wengi huweza kunywa kikombe kimoja pamoja na chakula bila taabu. Tena mababu zetu walikwisha kupata njia: maziwa ya mgando, mtindi, na mursik ya Wakalenjin. Maziwa yakigandishwa vijidudu vyema hula sehemu ya sukari, na kazi ya tumbo hupungua. Lakini angalieni: kuchemsha maziwa hakuiondoi sukari hiyo. Twayachemsha kwa sababu nyingine, nayo ni kuua vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, kwa hiyo msiache kuyachemsha. Wala mama asimwachishe mtoto mchanga ziwa kwa kuogopa sukari ya maziwa. Maziwa ya mama yana sukari hiyo kupita ya ng'ombe, na mtoto ameumbwa aweze kuiyeyusha.

Sasa tuingie katika mzio. Mungu ametia katika damu yetu askari wanaopigana na maradhi. Kwa watu wengine askari hawa hukosea, wakakiona chakula chema kuwa ni adui. Vyakula vinavyoshitakiwa mara nyingi ni mayai, maziwa, karanga, korosho na kokwa nyingine, samaki, kamba na kaa, ngano, soya, na ufuta. Dalili huja upesi, mara nyingi katika dakika chache, au kabla ya saa mbili kupita: vipele vyenye kuwasha, midomo na macho kufura, kutapika, kukohoa, pumzi kuwa nzito. Hapa kiasi si kitu. Hata punje moja ya karanga yaweza kutosha. Na mwenye mzio wa maziwa hafai kupewa mtindi, wala hatapona kwa kuhamia maziwa ya mbuzi, maana vita yake si ya sukari, ni ya protini, na protini za ng'ombe na mbuzi zafanana mno.

Mwaka 1906 daktari Clemens von Pirquet wa Vienna ndiye aliyeupa ugonjwa wa namna hii jina lake la kitaalamu. Lakini ushuhuda unaotupendeza zaidi ni wa madaktari wawili wa Ujerumani, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner alikuwa akila samaki aliyepikwa huugua. Prausnitz alikula samaki wala haoni kitu. Katika habari waliyoitoa mwaka 1921 walieleza kwamba Prausnitz alijidunga katika ngozi yake maji ya damu ya mwenzake, na siku ya pili akadunga pale pale maji yaliyotoka katika samaki. Mahali pale pakavimba na kuwasha. Fikirini maana yake: ugonjwa ulihama pamoja na damu. Kwa hiyo haukuwa kiburi, wala woga, wala jicho la mtu. Ulikuwamo katika damu.

Huenda mtu akasema, "Ikiwa ni hivyo, heri tuwanyime watoto wetu mayai, karanga na samaki, tuwe salama." La, wapenzi, hilo ni kosa kubwa. Mwaka 2015 madaktari wa London walitoa habari ya watoto wachanga 640 walioelekea kupata mzio. Nusu yao walilishwa chakula chenye karanga tangu uchanga wao, na nusu walikatazwa mpaka umri wa miaka mitano. Katika waliokatazwa, 17 katika kila 100 walipata mzio wa karanga. Katika waliolishwa, 3 tu katika kila 100. Mwili uliozoezwa mapema ulijifunza kuwa karanga si adui. Basi mtoto akifika miezi sita na kuanza uji, yafaa aonjeshwe vyakula vya nyumbani kidogo kidogo, kimoja kimoja. Karanga zisagwe laini na kuchanganywa na uji, maana punje nzima yaweza kumkaba. Lakini mtoto mwenye ukurutu mbaya, au aliyekwisha kufura kwa chakula, apelekwe kwa mganga wa hospitali kwanza.

Tena iko hatari ya pili ya kukataza ovyo. Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, alieleza mwaka 1933 ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa wakalishwa uji wa mahindi mtupu: miguu hufura, ngozi hubambuka, mtoto hununa wala hachezi. Ndio kwashiakoo. Mtoto aliyenyimwa mayai kwa sababu hii, na samaki kwa sababu ile, na maziwa kwa sababu ya tatu, yuko katika njia iyo hiyo. Kwa hiyo kila mkatazapo chakula kimoja, wekeni kingine mahali pake. Asiyeweza maziwa apewe dagaa waliwao na mifupa yao, maharagwe, na mboga za majani. Asiyeweza samaki apewe kunde, choroko na mayai. Mkono unaoondoa uwe na kitu cha kurudisha.

Je, mtu atajuaje chakula gani kinamdhuru? Na ashike daftari. Aandike alichokula, saa aliyokula, na saa aliyoanza kuona taabu. Majuma mawili au matatu yakipita, daftari litasema. Ikiwa taabu ni ya tumbo tu, na maziwa ndiyo yashukiwayo, ayaache majuma mawili, kisha ayajaribu tena kidogo. Taabu ikiondoka na kurudi, amepata jibu. Lakini aliyekwisha kufura midomo au kukosa pumzi asijijaribu nyumbani hata mara moja. Jaribio hilo ni la hospitali.

Nyumbani, mazoea machache yatatosha. Oshe mikono, kisu na chungu mpishi anapotoka katika kamba kwenda katika chakula cha mwenye mzio. Wala asikaange chakula chake katika mafuta yaliyokaangiwa kamba. Chakula chake kipakuliwe kwanza, katika sahani yake mwenyewe, hata kama wengine wanakula sinia moja. Huko si kumtenga, ni kumlinda. Vyakula vya madukani visomwe maandishi yake. Na katika arusi na matanga, mwenye mzio aulize pasipo haya, "Mchuzi huu una karanga?" Naye mwenyeji ajibu kweli, asifiche kwa kudhani anamkirimu. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Lakini mgonjwa huyu aulizwe, maana huenda uji wenyewe umetiwa maziwa. Vilevile mtoto afundishwe kusema, "Chakula hiki chanidhuru, ahsante," nasi wakubwa tumheshimu kwa neno lake.

La mwisho ni la kushikwa sana. Mtu aliyekula akaanza kukosa pumzi, au sauti ikabadilika, au ulimi ukafura, au akaona kizunguzungu na kulegea, huyo yuko katika hatari ya kufa, na dakika zina thamani. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, idungwayo katika paja, nayo hutolewa na waganga wa hospitali. Mchukueni upesi. Njiani alazwe chali, miguu ikiinuliwa; ikiwa pumzi imembana aketishwe; asisimamishwe wala kutembezwa. Msimtapishe, wala msimnyweshe maziwa au dawa ya mitishamba. Hata akipata nafuu njiani msirudi, kwa sababu shida yaweza kumwanza tena baada ya saa kadhaa.

Basi twayakusanya maneno yetu. Wakiugua wengi, kitazameni chakula. Akiugua mmoja kila mara, utazameni mwili wake. Chunguzeni kabla ya kukataza. Mkataze kimoja, wala si vyote, na mkirudishie badala yake. Pumzi ikibana, hospitali. Na siku nyingine mtoto akikisukuma kikombe, msianze na fimbo, anzeni na swali, "Ukinywa, waona nini?"