Kigango na Mwenyewe

Wahenga wa pwani walituachia methali isemayo: Mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huwakumbusha wafanyabiashara kuandika madeni yao. Leo napenda kuitumia kwa mali ya namna nyingine, ambayo kwa miaka mingi ilipitia katika kisiwa hiki cha Mombasa ikielekea ng'ambo, na ambayo hata kuiita "mali" kuna utata. Nakusudia vigango vya Wamijikenda.

Kwa faida ya wanafunzi wanaolijua neno hili kwa maana ya kanisa dogo lililo chini ya parokia, nieleze kwamba kigango cha Wagiriama na jamaa zao ni jambo jingine kabisa. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha duara au kilichochongwa mfano wa kichwa cha mtu, na kiwiliwili kilichotiwa nakshi za pembetatu. Husimamishwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na uwezo. Mchongaji hakusudii kufananisha pua wala macho. Hata hivyo, kila kigango ni cha mtu mmoja mwenye jina na ukoo, na jamaa zake huamini kwamba roho yake ina makao pale. Kikishasimamishwa, hakiondolewi.

Lakini viliondolewa. Katika miaka ya 1970 na 1980 maduka ya vinyago ya Mombasa yaliuza vigango kwa watalii na wachuuzi wa kigeni, sawa na vile viuzwavyo vikapu na sanamu za twiga. Kutoka hapa vilisafirishwa hadi Marekani, vikauzwa kwa maelfu ya dola, vikapamba nyumba za matajiri na waigizaji wa sinema, kisha vingi vikatolewa zawadi kwa makumbusho. Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, yalikuwa na vigango 99. Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalikuwa na 38.

Tungejuaje hayo? Tumejua kwa sababu ya picha moja. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Marekani, Bi. Monica Udvardy, alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda si mrefu baadaye vigango hivyo viliibwa. Mzee alisikitika mno, akaona kwamba misiba iliyoandama jamaa yake ilitokana na wizi ule. Alifariki mwaka 1987 bila kuviona tena. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, Bi. Udvardy alionyeshwa picha za vitu vya makumbusho, na miongoni mwavyo akakitambua kimoja cha vile viwili. Kilikuwa Illinois. Cha pili kilipatikana Hampton. Kimoja kilirejeshwa Kenya mwaka 2006, cha pili mwaka 2007.

Mwaka huohuo wa 2006 dunia ilizungumzia kurejeshwa kwa picha nyingine, mjini Vienna. Mchoraji Gustav Klimt alikuwa amemchora Bibi Adele Bloch-Bauer, akakamilisha picha hiyo mwaka 1907 kwa agizo la mume wake. Utawala wa Wanazi uliinyang'anya jamaa hiyo ya Kiyahudi mali yake, na picha ikaishia katika jumba la sanaa la taifa la Austria. Huko ilipata umaarufu kwa jina la "Mwanamke wa Dhahabu", kana kwamba Adele hakuwa na jina. Mpwa wake, Bi. Maria Altmann, alidai haki kwa miaka mingi hadi akarudishiwa, na picha ikauzwa kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 135.

Visa hivi viwili vinafanana kwa mengi: ndugu waliopokonywa, jina lililofutwa, ushahidi uliookoa. Lakini vinatofautiana mahali pamoja, na hapo lugha yetu inatufaa. Neno "mwenyewe" katika Kiswahili lina maana mbili. Tukisema "shamba hili lina mwenyewe", twamaanisha mtu anayelimiliki. Tukisema "alikuja mwenyewe", twamaanisha nafsi yake hasa. Katika picha ya Vienna, wenyewe walikuwa wawili: Adele aliyechorwa, na mumewe aliyeimiliki. Sheria ilishughulika na huyo wa pili na warithi wake, ndiyo maana picha iliweza kuuzwa tena kwa halali baada ya kurejeshwa. Katika kigango maana zote mbili zimekutana. Mwenyewe wa kigango ni yule marehemu, na kigango ni yeye mwenyewe. Mwanawe ni mtunzaji tu. Hawezi kukiuza, kama ambavyo mtu hawezi kumuuza baba yake.

Sarufi yetu inaligusa jambo hili pia. Twasema "kiongozi amefika" na "kipofu ameketi", si "kimefika" wala "kimeketi", kwa kuwa uhai hushinda umbo la neno. Kwenye neno "maiti" tunasitasita: wengine husema "maiti amezikwa", wengine "maiti imezikwa". Je, kigango kimeibwa, au ameibwa? Walimu wenzangu wanaweza kuwauliza wanafunzi swali hilo. Jibu la sarufi ni "kimeibwa". Jibu la Mzee Mwakiru, kwa jinsi alivyoomboleza, linaelekea upande wa pili.

Wanunuzi nao wana hoja yao. Husema kwamba vigango vingi vilikuwa vimeachwa porini na jamaa waliohama, hivyo waliovichukua wameviokoa na mchwa. Ni kweli kwamba kwa mila, ukoo ukihama vigango hubaki pale pale. Lakini kuacha si kutupa. Mzazi huacha wosia, marehemu huacha watoto, na hakuna asemaye kwamba vimetupwa. Kaburi lililo mbali na nyumba halijapoteza wenyewe. Na mchwa wakila kigango baada ya miaka mingi, hicho ndicho kikomo ambacho mila yenyewe ilikubali.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba lawama zote ni za wageni. Aliyejua njia ya kwenda kwenye vigango usiku hakutoka California. Mara nyingi walikuwa vijana wa maeneo hayohayo, waliosukumwa na umaskini, wakalipwa kidogo sana kwa kitu kilichouzwa kwa bei ya gari. Umaskini waeleza wizi huo, lakini hauuhalalishi.

Sasa twarudi kwenye daftari. Mwaka 2014 Makumbusho ya Denver yalitangaza kurejesha vigango 30. Mwaka 2023 Illinois ikarejesha 37 vilivyosalia. Habari hizi ni njema, lakini zina uchungu ndani yake. Jamaa ya Mwakiru ilikuwa na picha. Vingi katika hivi vingine viling'olewa bila picha na bila jina, vikaandikwa tu kuwa ni nguzo za ukumbusho kutoka Kenya. Vimerudi nchini mwao. Kurudi kwa wenyewe ni safari nyingine. Kumrudishia mtu babu yake kwahitaji kwanza kujua ni babu wa nani.

Kazi hiyo yaweza kuanzia darasani. Mwanafunzi wa Kaloleni, Rabai au Ganze akienda likizo, na amwulize nyanya yake majina ya waliosimamishiwa vigango, waliowasimamishia, na mahali viliposimama, kisha ayaandike kama alivyotamkiwa, kwa Kigiriama, Kirabai au Kichonyi. Mwanafunzi wa Mji wa Kale naye asidhani hayamhusu. Ndia Kuu, hatua chache kutoka Ngomeni, kuna milango ya nakshi iliyo na historia za watu, na mlango ukishang'olewa bila jina la nyumba wala la fundi, utakuwa ubao tu popote utakapofika.

Makaratasi ya aina hiyo hayagharimu zaidi ya daftari moja la shule. Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua kila mwaka, nao hawatatungoja.