Taa za Nyuma na Safari ya Usiku
Kuondoa udhia njiani ni katika imani, na gari lisiloonekana usiku ni udhia mkubwa, hasa familia inaporejea kutoka Tarawehe na watoto wamelala kiti cha nyuma. Dereva hazioni taa zake za nyuma. Mkewe au kijana wake na asimame nyuma, yeye akanyage breki.

Indiketa ikiwaka na kuzimika haraka kuliko kawaida, aghalabu globu moja ya upande huo imeungua. Lakini breki ikikanyagwa na taa nyingine ikawaka kwa ufifi, usikimbilie kununua globu: tazama kwanza waya wa athi, ule uliofungwa kwenye bodi. Usugue kutu kwa msasa, uukaze.

Fyuzi ya ampea 10 ikikatika kila mara, usitie ya 30, utaunguza nyaya. Lipeleke gari kwa fundi umeme kabla ya Magharibi.