Kabla ya kununua kasuku, uliza ametoka wapi na nani atamrithi

KASUKU wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni miongoni mwa ndege wanaotamaniwa sana na wapenda ndege. Huiga sauti ya mwenye nyumba, mlio wa simu na hata kikohozi cha mgeni, na watoto humzunguka tangu siku anapoletwa. Hata hivyo, yapo mambo ambayo mnunuzi asipoyapima mapema yanaweza kumgharimu yeye mwenyewe, familia yake na ndege huyo.

La kwanza kati ya hayo si bei wala ukubwa wa tundu, bali ni mahali alikotoka ndege anayeuzwa.

Ndege wa msituni

Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kupitia Kameruni na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hadi Uganda. Nchini Kenya, mabaki yao machache yamo katika msitu wa Kakamega. Hutaga katika mashimo ya miti mikubwa, kwa kawaida mayai matatu hadi matano, na makinda hukaa humo kwa takriban miezi mitatu kabla ya kuruka. Kwa kuwa huzaana taratibu, kundi likivunwa hovyo halijazi pengo lake upesi.

Wategaji katika misitu ya Kongo humfunga juu ya mti kasuku aliyekwisha kukamatwa, ili sauti yake iwaite wenzake. Wale wanaoitikia hunasa kwenye vijiti vilivyopakwa ulimbo. Baada ya hapo hubanwa pamoja ndani ya masanduku na kusafirishwa mwendo mrefu, na wengi hufa kwa hofu, kiu na maradhi kabla ya kufika sokoni.

Kumbukumbu za biashara halali zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1975 na 2013, kasuku wa kijivu zaidi ya milioni 1.3 waliokamatwa porini waliingizwa katika soko la kimataifa. Idadi hiyo haiwahesabu waliofia njiani wala waliopitishwa kwa magendo. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kuwa ndege hao wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sheria inavyosema

Kutokana na hali hiyo, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka (CITES), zilizokutana Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 2016, ziliamua kumwingiza kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza. Uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2017. Tangu hapo, ni marufuku kumvusha mpaka kwa ajili ya biashara kasuku aliyekamatwa porini.

Sheria za nchi nazo zina masharti yake. Nchini Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayefuga mnyamapori awe na kibali, na msimamizi wake ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Tanzania inaongozwa na sheria ya mwaka 2009, ambayo nayo inakataza kumiliki mnyamapori bila kibali. Maelezo kwamba ndege aliletwa na jamaa kutoka Goma au Kampala hayawezi kusimama mahali pa kibali.

Mnunuzi anapaswa kuomba karatasi kabla ya kutoa fedha. Vilevile atazame mguu wa ndege. Wafugaji wanaozalisha kasuku huwavisha makinda pete isiyo na kiungo wakiwa na umri wa siku chache tu, na mguu ukishakua pete hiyo haiwezi kupita tena. Muuzaji anayesema kwamba karatasi zitafuata baadaye, au anayeuza ndege wa bei ya chini mwenye woga mwingi na asiyevumilia kukaribiwa, hafai kuaminiwa.

Rafiki wa nusu karne

Jambo la pili ni umri. Kasuku wa kijivu anayetunzwa vyema huweza kuishi miaka 40 hadi 60. Mtu mwenye miaka 35 anayenunua kinda leo anaweza kufikisha miaka 80 ndege huyo akiwa bado hai. Kwa hiyo, ni busara kuafikiana mapema na mtoto, ndugu au rafiki atakayemrithi, kwa sababu kasuku humzoea mtu na huteseka anapohamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Katika Kiswahili, anayekariri mambo bila kuyaelewa hufananishwa na kasuku. Sayansi imeonyesha kwamba sifa hiyo haimtendei haki ndege huyu. Mwaka 1977, mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa kijivu katika duka moja la Chicago, akamwita Alex. Hadi alipokufa mwaka 2007, Alex alikuwa amejifunza zaidi ya maneno 100, na aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu hadi sita.

Kiumbe mwenye akili ya namna hiyo, ambaye porini huishi katika makundi, hawezi kufungiwa peke yake tangu asubuhi hadi jioni bila kudhurika. Akikosa mwenzi na shughuli hupiga kelele, huuma, na hatimaye hujinyonyoa manyoya hadi ngozi ikabaki wazi. Anahitaji kutolewa tunduni kila siku, kupewa vipande vya mti vya kutafuna, na kuzungumzishwa. Familia ambayo watu wake wote hutoka alfajiri na kurudi usiku haifai kumfuga, na waishio katika nyumba za kupanga wawakumbuke majirani.

Chakula, tundu na afya

Wengi hudhani kwamba mbegu za alizeti zinatosha. Mbegu hizo zina mafuta mengi, na ndege anayelishwa hizo pekee hupungukiwa vitamini A na madini ya chokaa. Aongezewe mboga za majani, karoti, boga, viazi vitamu na matunda kama papai na embe. Parachichi ni sumu kwake. Asipewe pia chokoleti, kahawa, pombe wala vyakula vya chumvi nyingi.

Tundu liwe pana kiasi cha kumwezesha kukunjua mabawa yote mawili, ambayo kwa pamoja hufikia karibu nusu mita. Lisiwekwe jikoni. Mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika, na mvuke wa kikaango kisichogandisha chakula, kinapopata moto kupita kiasi, huweza kumuua kwa muda mfupi. Moshi wa mkaa na wa sigara nao humdhuru.

Wenye nyumba nao wajilinde. Vumbi la kinyesi kikavu cha ndege mgonjwa huweza kueneza bakteria wanaosababisha homa ya kasuku, ambayo dalili zake ni homa, maumivu ya kichwa na kikohozi. Ugonjwa huo hutibika kwa dawa za kuua bakteria, mradi mgonjwa amweleze daktari kwamba anaishi na ndege. Aidha, ni vyema kumtafuta mapema daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa ndege, kwani kasuku huficha ugonjwa hadi hali inapokuwa mbaya.

Njia nyingine

Kwa anayeanza, wapo kasuku wadogo wenye asili ya Australia ambao wamezalishwa na wafugaji kwa vizazi vingi. Hawa huhitaji nafasi ndogo zaidi, hawana mvumo mkubwa wa sauti, na kununuliwa kwao hakuupunguzi msitu wa Kongo.

Yule ambaye tayari anaye kasuku wa kijivu asiye na karatasi asimfungulie mlango aruke. Ndege aliyezoea kulishwa hajui kujitafutia chakula, na anaweza kupeleka maradhi kwa ndege wa porini. Njia iliyo salama ni kuwaendea maofisa wa wanyamapori na kuomba maelekezo.

Kwa yule ambaye bado hajanunua, kazi ni nyepesi zaidi. Amuulize muuzaji ndege huyu alizaliwa wapi, kisha ajiulize mwenyewe atakuwa na nani baada ya miaka 40. Likikosekana jibu la moja kati ya maswali hayo mawili, fedha zibaki mfukoni.