"Wakulima milioni sita" ni akina nani hasa?

Mjadala wa mbolea au bei ya majani chai ukianza tu, lazima mtu aseme: "Kenya ina wakulima milioni sita!" Mwingine anamjibu kwamba orodha ya chifu inasema tofauti, halafu matusi hadi usiku wa manane. Leo tuiangalie namba yenyewe, maana wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Sensa ya Agosti 2019 ilipata kaya kama milioni 12.1 nchi nzima. Kati ya hizo, karibu milioni 6.4 zilisema zinalima au kufuga. Umeona hapo? Ni KAYA. Sio watu, sio mashamba. Kaya moja inaweza kuwa na watu wazima wanne wanaoshika jembe, na nyingine ni nyanya na kuku wake.

Na kaya ni nini? Kwenye sensa, ni watu wanaoishi boma moja, wanaopikiwa pamoja na wanaomtambua mkuu mmoja. Si lazima walale nyumba moja.

Sasa lete kanuni hiyo hapa kwetu Kenyenya. Chukua boma la ekari tatu (nimelichanganya kutoka maboma kadhaa, msianze kutafuta ni la nani). Mzee na mama wana nyumba yao. Kijana wa kwanza ameoa, ana jiko lake, amekatiwa kipande cha ndizi na mahindi. Wa pili anafanya kazi Nairobi, lakini mke na watoto wako huku, na jiko lao na ng'ombe mmoja. Majani chai ni ya mzee: namba ya mkulima ni moja, ingawa wanaoamka kuchuma ni wale wake wa vijana. Hati ya shamba bado ina jina la babu, ambaye alizikwa kitambo.

Haya, hesabu wakulima. Sensa itasema kaya tatu. Kiwanda cha chai kitasema mkulima mmoja. Ofisi ya ardhi pia itasema mmoja, naye ni marehemu.

FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lina njia yake. Halihesabu majiko wala hati. Linahesabu sehemu yote ya kilimo iliyo chini ya usimamizi mmoja, iwe kubwa au ndogo, iwe na hati au la. Yaani swali ni nani anaamua kitu gani kipandwe na kiuzwe lini. Kama mzee anaamua kila kitu, hilo boma ni shamba moja. Kama kila jiko linajiamulia, ni mashamba matatu. Shida ni kwamba jibu litategemea umemkuta nani nyumbani. Mzee atakwambia moja. Mimi ningemuuliza mke wa kijana.

Halafu kuna swali la kiwango cha chini. Tanzania, kwenye sensa yao ya kilimo ya 2007/08, ili kaya ihesabiwe ilihitaji angalau mita 25 za mraba za kulima, au ng'ombe mmoja, au mbuzi, kondoo au nguruwe watano, au kuku 50. Mita 25 za mraba ni tano kwa tano tu, kashamba ka sukuma nyuma ya jikoni. Marekani wanaangalia mauzo: shamba ni pale panapoweza kutoa mazao ya dola 1,000 kwa mwaka. Ukituletea kipimo hicho, majirani zangu wengi wataacha kuwa wakulima leo leo na jembe likiwa mkononi.

Mnauliza inatuhusu nini? Mbolea. Mwaka 2023 serikali ilisajili wakulima kupitia machifu, kwa kitambulisho, namba ya simu na ukubwa wa shamba, na mfuko wa ruzuku wa kilo 50 ukashushwa hadi shilingi 2,500. Ujumbe wa kuchukua mbolea unaenda kwa simu iliyosajiliwa. Boma letu likiandikwa kwa jina la mzee peke yake, yule mama wa ng'ombe mmoja anangoja mzee akumbuke mahindi yake. Wakijiandikisha wote watatu, na kila mmoja aseme "ekari tatu" kwa sababu ndilo shamba la kwao, boma limekuwa na ekari tisa kwenye karatasi. Hapo ndipo mtu anasimama kwenye mkutano na kupiga kelele kuhusu "wakulima hewa." Sisemi wizi haupo. Nasema kabla ya kumwita mtu mwizi, uliza kama fomu ilimwuliza ekari za boma au za jiko lake.

Na yule kijana wa Nairobi, mkulima wa simu? Sensa ilimhesabu pale alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti. Pesa ya mbolea na ya vibarua inatoka kwake, lakini kaya ya huku imeandikwa bila yeye.

Kwenu boma lina majiko mangapi, na namba ya majani chai ni ngapi? Andikeni hapo chini.