Tochi Ikizima Mmeisha: Vile Shadowdark Imechanganya Gemu za Kitambo na za Sai

Cheki hii sini. Mko wasee watano kwa keja, mezani kuna karatasi, penseli na dadu. Hakuna skrini. Mmoja wenu ndiye msimulizi, anawaambia mko chini ya ardhi kwa mapango na mko na tochi moja. Kisha anaseti simu: dakika 60. Za ukweli, si za hadithi! Mkibishana nani aingie kwanza, tochi inaendelea kuchomeka. Ikizima, nyinyi hamuoni kitu lakini madude yanawaona fiti.

Hiyo ni Shadowdark, gemu ya Kelsey Dionne wa Marekani. 2023 watu waliichangia Kickstarter zaidi ya dola milioni 1.3.

Sasa rada ni gani? Dungeons & Dragons, mama ya hizi gemu, ilitoka 1974. Siku hizo unarusha dadu tatu kujua nguvu zako, zikikuja mbovu, pole. Ulikuwa unadedi mapema. Shida ni sheria: kila kitu na jedwali lake, mpaka kichwa kiume.

Toleo la tano, 2014, likarahisisha. Rusha dadu moja ya nyuso 20, jumlisha namba yako, basi. Ukiwa na upper hand unarusha mara mbili, unachukua kubwa. Tamu kujifunza, lakini mashujaa wakawa wagumu kufa. Wengi wanaona gizani, na mchawi anawasha mwanga bure siku mzima. Nani ataogopa pango hapo?

Dionne akachukua hesabu ya 2014 na uoga wa 1974. Dadu ni ile ile ya 20. Lakini hakuna mchezaji anaona gizani. Uchawi unaurushia dadu, ukifeli umeupoteza mpaka mpumzike. Ukiangushwa, unarusha dadu ya nyuso nne, unaongeza uimara wa mwili wako, na hizo ndizo raundi wasee wako nazo za kukuokoa.

Kwangu mimi, ile saa ya simu ndiyo kusema. Inamaliza wale wasee wa kufikiria dakika kumi juu ya mlango mmoja, bila sheria hata moja ya ziada. Ila kuna ngori: mgeni anaweza panic. Msimulizi mwenye roho husimamisha saa akimweleza.

Sheria za kuanzia ziko bure kwa PDF, na dadu ziko kwa app. Stima zikipotea wikendi, washeni mshumaa mcheze. Hakikisha tu simu iko na chaji.